Ubadilishaji wa Anwani Katika Ruta: Jinsi Seva ya Ndani Inavyofikiwa na Msomaji wa Nje

0. UTANGULIZI

Idara ya lugha katika chuo kikuu huweza kuwa na hazina isiyoonekana nje ya kuta zake: masimulizi yaliyonaswa katika kanda na baadaye kuhamishiwa katika kompyuta, orodha za msamiati, tasnifu za wanafunzi, matini zilizokusanywa vijijini na mijini. Hazina ya namna hii hukaa katika seva, yaani kompyuta ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Mwalimu aliye katika ofisi ya jirani huifungua bila shida. Mtafiti aliye Bukavu, Kisangani au Dar es Salaam haioni kabisa, ingawa yeye na idara wote wameunganishwa na intaneti.

Zipo njia mbili za kumfikia mtafiti huyo. Ya kwanza ni kuipeleka hazina katika mitambo ya kukodi, ambayo mara nyingi iko ng'ambo, na kuilipia kila mwezi au kila mwaka. Ya pili ni kuiacha nyumbani na kuagiza ruta ya idara imwelekeze mgeni kwenye seva. Makala haya yanahusu njia ya pili. Yameandikwa kwa ajili ya msomaji asiye fundi, lakini ambaye siku moja atakaa na fundi mezani na kupaswa kusema anataka nini, na kuelewa anachojibiwa.

Tutaonyesha kwamba kazi hii yote, pamoja na hitilafu zake za kawaida, inatawaliwa na kanuni moja: jibu sharti lirudi kupitia kwa yule yule aliyebadilisha anwani. Msomaji akiishika kanuni hiyo, mengine atayapata mwenyewe kwa kufikiri.

1. ASILI YA JAMBO

Kila kompyuta inayozungumza katika intaneti huhitaji anwani. Katika toleo la nne la utaratibu wa intaneti, ambalo bado linatumika sana, anwani huandikwa kwa namba nne zinazotenganishwa na nukta, kwa mfano 203.0.113.10. Jumla ya anwani zinazoweza kuandikwa hivyo ni 4,294,967,296, idadi ambayo ni ndogo kuliko ile ya watu duniani.

Upungufu huo ulitambuliwa mapema. Mwezi wa Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walitoa waraka namba 1631 katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi za intaneti, wakipendekeza kwamba mtandao mzima wa ndani utumie anwani zake wenyewe, na kwamba ruta ya mpakani izibadilishe pakiti zinapovuka. Mwezi wa Februari 1996, waraka namba 1918 ulitenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani: zile zinazoanzia 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255, zile za 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255, na zile za 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255. Yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa, kwa sababu hazipitishwi katika intaneti ya hadhara. Ndiyo maana anwani kama 192.168.1.1 hupatikana katika nyumba na ofisi zisizohesabika, bila moja kugongana na nyingine.

Utaratibu huo ulikusudiwa kuwa wa muda. Hata hivyo, akiba kuu ya dunia ya anwani za toleo la nne ilikwisha kugawiwa mwezi wa Februari 2011, na AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, liliingia katika awamu ya kwanza ya kubana mgawo wake mwaka 2017. Kilichokuwa cha muda kimekuwa desturi.

2. NENO NA MAANA YAKE

Mafundi huuita utaratibu huu kwa kifupi NAT, na katika Kifaransa kama katika Kiingereza jina lake hubeba neno lenye maana ya tafsiri. Je, nasi tuseme «tafsiri ya anwani»? Mwanafunzi wa isimu ataona tatizo mara moja. Mfasiri hushughulikia ujumbe: huuchukua katika lugha moja na kuuleta katika nyingine. Ruta haigusi ujumbe. Inafuta anwani iliyoandikwa juu ya bahasha na kuandika nyingine, na barua iliyomo ndani inabaki ilivyo. Kwa hiyo katika makala haya tunasema «ubadilishaji wa anwani».

Tofauti hii ina matokeo katika kazi yenyewe. Baadhi ya taratibu za zamani, kama ule wa kuhamisha faili uitwao FTP, huandika anwani ndani ya barua pia. Ruta ikibadilisha bahasha peke yake, anwani ya ndani ya barua inabaki ya zamani na mazungumzo yanaweza kukwama, isipokuwa ruta iwe na msaidizi maalumu wa kusoma na kurekebisha barua hizo.

Maneno mengine mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, kila pakiti hubeba anwani mbili, ya anayeipeleka na ya anayeipokea. Wengi husema «mtumaji», lakini neno hilo linatofautiana kwa irabu moja tu na «mtumiaji», yaani mtu anayetumia kompyuta, na katika maandishi ya kiufundi maneno hayo mawili hukutana katika kila aya. Sisi tutasema «mpelekaji» na «mpokeaji». Pili, kila huduma katika kompyuta hutambulishwa kwa namba kati ya 0 na 65535, ambayo Wafaransa huiita kwa neno lile lile la bandari ya meli. Kusema «bandari» kungempotosha msomaji. Tutasema «mlango»: kurasa za wavuti zilizofichwa kwa usimbaji hutolewa katika mlango 443, na kurasa zisizofichwa katika mlango 80.

3. SAFARI YA KUTOKA

Tuchukue mfano wa chuo chenye sanduku moja la posta na karani mmoja wa barua. Walimu wote hutumia sanduku hilo. Mwalimu anapopeleka barua, karani hufuta namba ya chumba chake, huandika namba ya sanduku kama anwani ya mpelekaji, kisha huandika katika daftari: barua ya alama fulani imetoka chumba fulani. Jibu likija, karani hutazama daftari na kulipeleka chumbani.

Ruta ndiye karani. Tuseme kompyuta ya mwalimu ina anwani 192.168.10.50, ruta ina anwani 192.168.10.1 upande wa ndani na 203.0.113.10 upande wa nje. (Anwani hii ya mwisho imo katika fungu lililotengwa kwa ajili ya mifano tu, msomaji ataweka yake.) Pakiti ikitoka, ruta huandika 203.0.113.10 mahali pa mpelekaji, na kuweka kumbukumbu ya mlango ambao mwalimu alitumia. Kama mwalimu mwingine anatumia mlango wenye namba ile ile, ruta huweza kubadilisha namba hiyo pia. Ni namba hizi za milango zinazowezesha watu wengi kushirikiana anwani moja ya hadhara.

Daftari la ruta halihifadhi habari milele. Katika Linux, kwa mfano, mazungumzo ya TCP yaliyokwisha kuanzishwa huhifadhiwa kwa sekunde 432,000, yaani siku 5, yasipopitisha kitu. Lakini pakiti ya UDP iliyokosa jibu husahauliwa baada ya sekunde 30, kama mipangilio ya awali haikuguswa.

Katika ruta yenye mfumo wa Linux na programu ya nftables, iliyoingizwa katika Linux toleo 3.13 mwaka 2014, kazi hii hufanywa na kanuni moja, inayowekwa katika hatua ya mwisho kabla pakiti haijatoka. Hapa eth0 ni jina la upande wa nje:

oifname "eth0" masquerade

4. SAFARI YA KUINGIA

Sasa barua mpya inatoka nje, haijibu barua yoyote. Karani anatazama daftari na hakuti kitu. Hajui ampelekee nani, basi anaiweka kando. Hivyo ndivyo seva ya idara inavyobaki gizani: mgeni hufika mpaka kwenye ruta na kukomea hapo.

Dawa yake ni kumpa karani agizo la kudumu: kila barua yenye alama 443 ipelekwe chumba 20. Katika lugha ya nftables, agizo hilo huwekwa katika hatua ya kwanza, kabla ruta haijaamua njia ya pakiti:

ip daddr 203.0.113.10 tcp dport 443 dnat to 192.168.10.20

Maana yake: pakiti yoyote ambayo mpokeaji wake ni 203.0.113.10 katika mlango 443, mpokeaji wake abadilishwe awe 192.168.10.20, ambayo ni anwani ya seva. Herufi d katika dnat huashiria mpokeaji. Kuna pia snat, ambayo hubadilisha mpelekaji.

Agizo hilo peke yake halitoshi. Masharti manne yanapaswa kutimia.

(a) Anwani ya seva iwe ya kudumu. Seva inayopewa anwani mpya kila inapowashwa itaiacha kanuni ikielekeza wageni kwenye chumba kitupu.

(b) Ruta iwe imeruhusiwa kupitisha pakiti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika Linux ruhusa hiyo huitwa net.ipv4.ip_forward, na thamani yake sharti iwe 1.

(c) Kanuni za kuchuja pakiti zimruhusu mgeni apite. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa wanaandika ruhusa kwa anwani ya nje. Uchujaji hufanyika baada ya mpokeaji kubadilishwa. Kwa hiyo ruhusa itaje 192.168.10.20, anwani ya ndani.

(d) Seva itumie ruta hiyo hiyo kama njia yake ya kutokea. Idara yenye njia mbili za intaneti, kwa mfano setilaiti na mtandao wa simu, huweza kuwa na ruta mbili. Mgeni akiingia kwa ruta ya kwanza na seva ikajibu kupitia ya pili, jibu litatoka likiwa na anwani ya mpelekaji ambayo mgeni hakuiandikia. Kompyuta yake italitupa. Hii ndiyo kanuni tuliyoitaja katika utangulizi: jibu limempita kando yule aliyebadilisha anwani.

Swali hutokea pia pale idara inapokuwa na seva mbili, moja ya kamusi na nyingine ya kanda, zote zikitaka mlango 443. Anwani moja ina mlango 443 mmoja tu, na agizo la kudumu haliwezi kuelekeza kote kuwili. Ama seva ya pili ipewe mlango mwingine, kama 8443, ambao wasomaji watalazimika kuuandika kila mara. Ama iwekwe programu ya mapokezi inayopokea maombi yote, inayosoma jina la tovuti lililoombwa na kuyagawa. Njia ya pili ina kazi zaidi mwanzoni, lakini humpunguzia msomaji usumbufu.

5. MSOMAJI WA NDANI

Kila kitu kimewekwa. Mtafiti wa Kisangani amefungua kamusi na amefurahi. Lakini mwalimu aliye hatua tano kutoka kwenye seva analalamika kwamba jina la tovuti halifunguki kwake. Fundi huanza kushuku seva, kumbe seva ni nzima.

Turudi kwa karani. Mwalimu wa chumba 50 anaandika barua kwa mwenzake wa chumba 20, lakini juu ya bahasha anaandika namba ya sanduku la posta. Karani anatekeleza agizo na kuipeleka chumba 20. Mwenye chumba 20 anaona kwamba mpelekaji ni jirani yake, basi hana haja ya karani. Anampa jibu mkononi. Lakini yule wa chumba 50 anasubiri jibu kutoka sanduku la posta. Jibu la chumba 20 halilingani na barua yoyote aliyoipeleka, naye analikataa.

Ndivyo inavyokuwa katika mtandao. Kompyuta 192.168.10.50 imeiandikia 203.0.113.10 na inajibiwa na 192.168.10.20. Mazungumzo hayaanzi. Kanuni ni ile ile, na dawa ni mbili.

Dawa ya kwanza ni kuilazimisha seva irudishe jibu kwa ruta, kwa kubadilisha anwani ya mpelekaji pia:

ip saddr 192.168.10.0/24 ip daddr 192.168.10.20 tcp dport 443 snat to 192.168.10.1

Kanuni hii huwekwa katika hatua ya mwisho, kama ile ya kutokea. Seva sasa inadhani imeandikiwa na ruta yenyewe, nayo inaijibu ruta. Ila katika daftari la seva wasomaji wote wa ndani wataonekana kuwa mtu mmoja, 192.168.10.1. Idara inayotaka kujua wanafunzi wake wanasoma kutoka kompyuta zipi itakuwa imepoteza habari hiyo. Tuongeze kwamba dawa hii hufanya kazi ikiwa kanuni ya dnat imefungwa kwa anwani ya mpokeaji, kama tulivyoiandika. Ikifungwa kwa upande wa nje wa ruta, yaani eth0, pakiti inayotoka ndani haitaiona.

Dawa ya pili ni kutumia mfumo wa majina. Jina la tovuti likiulizwa kutoka nje, lijibiwe 203.0.113.10, likiulizwa kutoka ndani, lijibiwe 192.168.10.20. Msomaji wa ndani ataiendea seva moja kwa moja, bila karani, na daftari la seva litakuwa sahihi. Udhaifu wake ni kwamba kompyuta iliyopangiwa kuuliza majina kwa mtoa huduma wa nje itapewa jibu la nje, na tatizo litarudi kwake peke yake.

6. BARAZA LA NYUMBA

Ipo dawa ya tatu, ambayo hutibu maradhi mawili kwa mara moja. Nyumba zetu nyingi zina baraza. Mgeni asiyejulikana hupokelewa hapo, huketi, husikilizwa na kupewa maji, haingii vyumbani. Seva inayofikiwa na ulimwengu wote inafaa kuwekwa barazani: mtandao wake mdogo, tuseme 192.168.20.0/24, uliotenganishwa na mtandao wa walimu, ruta ikiwa katikati.

Faida ya kwanza ni usalama. Kubadilisha anwani si kulinda. Mara tu agizo la kudumu linapowekwa, kila mtu duniani anaweza kubisha katika mlango huo, na mitambo ya wahalifu hubisha mchana na usiku bila kuchagua. Seva ikivunjwa ikiwa ndani, mvunjaji yuko pamoja na kompyuta za alama za mitihani na za mishahara. Ikivunjwa ikiwa barazani, na ruta ikiwa imekatazwa kupitisha mazungumzo yanayoanzia barazani kuelekea ndani, madhara yanabanwa hapo.

Faida ya pili inatokana na kanuni yetu. Seva iliyo katika mtandao mwingine haiwezi kumpa msomaji wa ndani jibu mkononi; kila jibu sharti lipite kwa ruta, na ruta hurudisha anwani ilivyokuwa. Kwa hiyo tatizo la sehemu ya 5 linatoweka bila kanuni ya ziada, na daftari la seva linaonyesha anwani halisi za wasomaji.

Kwa vyovyote vile, ufunguliwe mlango unaohitajika tu. Mlango 3389 wa kutawala Windows kutoka mbali au 5432 wa hifadhidata ya PostgreSQL hauna sababu ya kuelekezwa kwa dunia nzima ili mwanafunzi asome kamusi.

7. PALE RUTA YETU SI YA MWISHO

Fundi anaweza kutimiza yote haya na mgeni asifike. Kabla ya kukata tamaa, atazame anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje. Ikiwa imo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, fungu lililotengwa mwezi wa Aprili 2012 kwa matumizi ya watoa huduma, au katika mafungu matatu tuliyoyataja katika sehemu ya 1, basi juu ya karani wetu yuko karani mwingine: mtoa huduma naye anabadilisha anwani. Hali hii ni ya kawaida kwa wanaounganishwa kwa mitandao ya simu. Agizo letu la kudumu halimfungi karani yule, naye hana agizo letu.

Hapo iombwe anwani ya hadhara kwa mtoa huduma, ambayo aghalabu hulipiwa. Kama haipatikani, seva inaweza kuanzisha yenyewe njia iliyofichwa kuelekea mashine ndogo ya kukodi yenye anwani ya hadhara, kwa programu kama WireGuard. Wageni hufika kwenye mashine hiyo na kupitishwa. Matini zinabaki nyumbani, kilichokodiwa ni mlango tu. Na pale mtoa huduma anapotoa anwani za toleo la sita, seva huweza kupewa anwani yake halisi na ubadilishaji ukaachwa. Uchujaji wa pakiti lakini hauachwi.

8. HITIMISHO

Tumepita safari tatu: ya kutoka, ya kuingia, na ya msomaji wa ndani anayegonga mlango wa nje. Katika zote, swali la kuuliza ni moja: jibu litapita wapi? Fundi na mwalimu wakilichora swali hilo kwenye karatasi, kwa mishale ya kwenda na ya kurudi, kabla ya kugusa ruta, watajiepusha na siku nyingi za kubahatisha. Jaribio nalo lifanyike kote kuwili: mara moja kutoka ndani, na mara moja kutoka simu isiyounganishwa na mtandao wa chuo.

Hakuna kanuni ya ruta itakayofidia umeme uliokatika, wala nakala ya akiba isiyowekwa. Lakini idara inayojua kupokea wageni wake yenyewe huamua yenyewe nani asome nini, na hazina yake haipotei siku mkataba wa kukodi unapokosa kulipiwa. Kwa matini ambazo wazee wetu walikubali kuzisimulia mbele ya kinasa sauti chetu, uamuzi huo una uzito wake.